Rangi ya Vyuma vya Daraja

4 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, najua ulikuwa njiani kuniamkia. Mimi mzima, ila goti linanikumbusha umri. Wewe je, unakula huko bungeni au unashiba vikao?

Nasikiliza redio kila kikao, sijakusikia hata ukikohoa. Wewe, uliyehamishwa madawati shuleni kwa kuongea mpaka madawati yakaisha! Sokoni wanasema tumechagua bubu. Na mimi nina haraka. Fundi cherehani wa ng'ambo ya mto ameniposa, nami nimekubali. Usicheke. Mwanawe anataka kumchukua wakaishi mbali. Fundi ameahidi kusubiri mpaka masika. Daraja tuliloahidiwa lisipokuwepo anaondoka, maana magoti yetu si ya kuvuka maji. Piga kelele, mwanangu!

Shangazi yako

15 Septemba

Shikamoo shangazi, au nikuite bi harusi?

Mimi sijambo. Nimefurahi mno, tangu ubaki mjane sijakusikia ukitania hivi.

Kelele hapa hazina uhaba. Ukipiga zako, waziri anapiga zake, kisha mnaenda kunywa chai. Mimi napeleka maswali ya maandishi. Hayasikiki redioni, lakini waziri hana budi kuyajibu na kutia sahihi, na jibu linabaki kwenye kumbukumbu za Bunge. Nimemuuliza Waziri wa Ujenzi daraja letu la waenda kwa miguu litajengwa lini, maana fedha zake tulishazipitisha.

Mwanao

20 Oktoba

Shikamoo shangazi. Goti linaendeleaje?

Jibu limekuja, kaa kwanza. "Daraja hilo limekamilika na linatumika." Sahihi ya waziri iko chini yake. Hivi kuna kitu sijakiona?

Mwanao

28 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Goti limepona kwa hasira.

Nimeenda kulitazama hilo daraja. Kuna nguzo moja na kunguru juu yake. Huyo ndiye anayelitumia. Nilipompazia fundi sauti kumpa habari, akauliza kama harusi nayo imekamilika. Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani nikalia. Mwanawe ameshamtafutia chumba.

Unakumbuka asali ilipopungua kabatini? Sikuuliza nani kalamba, mngekana wote. Nilikuuliza kijiko umekiweka wapi, ukaenda kunionyesha. Muulize waziri hivyo hivyo.

Shangazi yako

5 Novemba

Shikamoo shangazi. Mimi mzima. Kijiko sijakisahau, wala kipigo chake.

Nimepeleka swali jipya: "Je, vyuma vya pembeni vya daraja hilo vimepakwa rangi gani?" Wenzangu wamenicheka, mmoja kaniuliza kama nimeacha siasa nikawa mpakaji rangi. Lakini rangi haimo kwenye faili. Itabidi mtu aende akatazame. Mwambie fundi asifunge sanduku.

Mwanao

26 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na unisamehe ukimya, nilikuwa nasimamia ujenzi. Afya njema, goti sina habari nalo.

Alikuja bwana mmoja wa wizara, viatu vinang'aa, kutazama rangi. Nikampeleka mwenyewe mpaka kwa kunguru. Hakuamini, akasema labda daraja liko mbele kidogo, akateleza mtoni, akalowa mpaka kiunoni. Fundi ndiye aliyemvuta upande wake na kumkausha suruali kwa pasi. Nikamsikia bwana yule akiuliza, "Sasa mimi nitaandika nini?" Nikamjibu toka ng'ambo, "Andika ulichokiona, baba!" Haukupita muda mrefu malori ya ujenzi yakaja.

Jana nimevuka kwa viatu vikavu. Fundi alikuwa ananingoja mwisho wa daraja, kavaa koti jipya. Nililia tena, safari hii mbele ya watu, wala sikuona haya. Sokoni sasa wanadai walikuwa wanajua tangu mwanzo kwamba wewe si bubu.

Najua waziri hajakujibu, basi nakujibu mimi: kijani.

Harusi ni mwezi ujao. Fundi anakushonea gauni, naye ana swali la maandishi: kiuno chako siku hizi ni inchi ngapi? Jibu ukweli, mheshimiwa. Gauni litakuja kuhakiki.

Shangazi yako, bi harusi