Msiba Tuliuweka Kwako

Mama, shikamoo.

Naanza na hili, maana najua ndilo ungeniuliza kwanza: msiba tuliuweka kwako. Hatukuupeleka Igoma kwa mjomba. Tuliuweka Igogo, kwenye ile nyumba iliyobanwa na mawe, mlango wa chumba chako ukiwa wazi na mkeka umetandikwa mbele yake. Wiki sita sasa natembea na habari hii kifuani. Nimeamua kuiandika kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo nalia kabla sijafika mahali pazuri, na mahali pazuri ni pengi.

Siku uliyofariki, mjomba Masanja alifika hospitali kabla yangu. Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi, kofia mkononi. Unamjua kaka yako, akiumia anatoa amri. Alikuwa ameshapanga viti, spika, mpishi, kila kitu. "Msiba unakaa Igoma," akasema. "Watu waje kunipa pole wapi, kwenye nyumba ya machizi?"

Simlaumu. Kichwa chako kilipoanza kuugua ukaondoka Sengerema, ukavuka na kivuko cha Kamanga mpaka Mwanza bila kumuaga mtu, nilikuwa na miaka kumi, na yeye ndiye aliyenichukua. Alikutafuta kwa miguu mjini kote. Mara tatu alikupata akakuleta kwake, mara tatu ukaondoka. Alinisomesha mpaka nikawa mtu wa kuvaa koti jeupe kwenye duka la dawa. Maisha yangu yote sikuwahi kumjibu. Siku ile nilimjibu.

"Mjomba, mama alikuwa na kwake."

Akanitazama. "Chumba cha msaada ndiyo unakiita kwake?" Sikuinamisha macho. Akavaa kofia. "Haya, kaeni huko. Tutaona nani atakuja."

Maneno hayo ya mwisho yalinitia hofu kuliko hasira yake. Mtu anaweza kuwa na kitanda, akawa na ufunguo, lakini siku ya msiba ndiyo mtaa unasema kama alikuwa wa kwao au alikuwa anapita tu. Kama ningekuweka Igogo halafu turubai likakaa tupu, ningekuwa nimekukana mara ya pili, mbele ya watu, kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipanda kwenda Igogo.

Njiani nilikumbuka siku ya kwanza kuja kukutembelea pale. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Miaka tisa ulikuwa umelala nje, sokoni na kando ya maghala, mpaka Bi Perpetua, yule nesi mstaafu anayesimamia nyumba yenu ya watu waliougua kichwa wakakosa pa kulala, akaja kukaa karibu yako kila asubuhi na chupa ya chai, majuma na majuma, bila kukuambia uende popote. Hata ukamuuliza mwenyewe, "Na wewe huna kwako?" Akasema ana kwake, na kuna chumba kimoja hakina mtu. Hivyo ndivyo ulivyoingia.

Mimi nilikuja na mfuko wa maembe na kichwa kilichojaa mambo ya darasani. Nikausukuma mlango nikaingia, kama watu wanavyoingia kwa mgonjwa. Ulikuwa unakunja nguo. Ukanitazama kwa utulivu ukasema, "Toka. Upige hodi."

Nikatoka. Nikasimama kwenye kibaraza, msichana mzima na maembe yake, nikapiga hodi. Ukaniacha nisubiri kidogo, nadhani kwa makusudi. Kisha: "Karibu kwangu."

Sijawahi kukaribishwa vile na mtu yeyote. Uliazima kiti chumba cha jirani ukanikalisha, ukanipikia uji ambao haukuiva vizuri, nikaunywa wote. Na nilipoanza kuhesabu vidonge kwenye kopo lako nijue kama unameza, ukalichukua kopo ukaliweka nyuma yako. "Kabula, wewe ni mgeni. Mgeni anakaa." Bi Perpetua alikuwa dirishani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilijifunza pale kuliko nilivyojifunza chuoni. Kwamba kila mkazi ana ufunguo wake na hakuna anayeingia bila ruhusa. Kwamba Bi Perpetua anauliza umelalaje kabla ya kuuliza umemeza nini. Kwamba miezi miwili ya kwanza ulilala sakafuni, mgongo umeegemea mlango, na hakuna aliyekulazimisha kupanda kitandani. Shuka lilifuliwa kila wiki na kutandikwa upya juu ya kitanda kisicholaliwa. Na mwaka wa pili ulipoondoka siku tisa, nikawapigia simu kwa ukali nikitaka kujua wamekupeleka wapi, Bi Perpetua alinijibu, "Chumba chake kimefungwa, kinamsubiri." Ukarudi mwenyewe. Ukafungua kwa ufunguo wako, ukakuta kila kitu ulivyokiacha, ukalala. Hakuna aliyekuhoji.

Lakini hayo yalikuwa ndani ya nyumba. Nje kulikuwa na mtaa.

Nakumbuka ulivyonieleza, huku unacheka, jinsi kikundi cha kufa na kuzikana kilivyowakataa. Walisema hawawezi kuzikana na watu wasiojulikana wametoka wapi. Wenzako walikasirika. Wewe uliuliza tu vyombo vya msiba vinaoshewa wapi. Msiba uliofuata ukaenda, hukuitwa na mtu, ukakaa kwenye masufuria. Msiba mwingine, hivyo hivyo. Kisha Mama Rehema, muuza dagaa wa kona, ambaye ndiye katibu wa kikundi na ndiye aliyepinga nyumba yenu kwa sauti kubwa kuliko wote, akafiwa na mama yake; ukaenda, ukachukua kisu ukaanza kumenya ndizi. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Jamani, huyo chizi mmempa kisu?" Mama Rehema, macho yamevimba kwa kulia, akamgeukia: "Mwache. Tangu asubuhi wewe umemenya ngapi?"

Wiki hiyo akaliandika jina lako kwenye daftari la kikundi. Minza Masalu. Ulinipigia kwa simu ya Bi Perpetua kunieleza, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na haraka. Nikasema, "Hongera mama, nitakupigia." Sikujua ulikuwa unanieleza jambo kubwa kiasi gani.

Nilijua siku ya msiba, nilipofika.

Mwanzoni hapakuwa na mtu. Ua umefagiwa, wenzako sita wamekaa kwenye kibaraza wamevaa nguo zao nzuri, Bi Perpetua katikati yao. Nikakaa kwenye mkeka. Sikuthubutu kutazama njia. Ikapita nusu saa, ikapita nyingine, nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumpigia mjomba kukubali kushindwa.

Kisha nikasikia masufuria.

Walikuja wakipanda ngazi za mawe kwa mstari, wanawake na masufuria kichwani, kanga za msiba viunoni, Mama Rehema mbele akihema na kugomba: "Pisheni! Pisheni! Nani amefunga hiyo njia? Kuni ziko wapi?" Walikuwa wamechelewa kwa sababu turubai la kikundi lilikuwa limeazimwa mtaa mwingine na yeye alikataa kuja bila turubai. Vijana wakaja nalo. Unajua Igogo hakuna udongo wa kupigilia vigingi, basi kamba wakazifunga kwenye mawe yenyewe, mmoja akalala kifudifudi juu ya jabali kuupitisha mzunguko wa mwisho. Balozi wa nyumba kumi akaja na daftari la rambirambi. Viti vikajaa, watu wakakaa kwenye mawe. Katekista akakosa pa kusimama. Mama Rehema akanikumbatia akaniambia sikioni, "Wewe ndiye Kabula wa dawa? Mama yako alikuwa anatuchosha na habari zako."

Mjomba alifika alasiri. Alisimama pale chini, mwisho wa ngazi, anatazama turubai kama mtu aliyepoteza anwani. Mama Rehema, asiyemjua, akamshukia mikono ikiwa na unga: "Karibu baba. Wewe ni nani wa marehemu?"

Mama, laiti ungeuona uso wake. Masanja wa Igoma, anayesimamia kila msiba wa ukoo, anaulizwa yeye ni nani. Akasema taratibu, "Ni dada yangu." Basi mama yule akapiga magoti kidogo kwa heshima: "Kaka mtu! Karibu sana. Pole. Twende nikuoneshe kwake."

Akamleta mpaka mlangoni pako. Mjomba alikuwa hajawahi kufika. Akaingia, akatazama kitanda, meza, kopo la dawa, picha yangu ya mahafali uliyoibandika kwa gundi nyingi mno. Alikaa humo peke yake muda mrefu. Alipotoka alivua viatu, akakaa mkekani na wanaume, na hakutoa amri hata moja.

Tulikubaliana uzikwe Sengerema, kando ya bibi. Usiku huo niliandika wasifu wako. Kuandika miaka ya utoto ni rahisi; ndoa, mimi, ugonjwa, hata hapo niliweza. Kisha nikafika kwenye ile miaka tisa, kalamu ikakataa. Kuna siku moja humo ndani. Nilikuwa kidato cha pili, nimevaa sare, niko na wenzangu, nikakuona umekaa mbele ya duka la nafaka. Nikavuka barabara kukukwepa. Nilikueleza mwaka jana, nikilia, nikitaka unisamehe, ukanishangaza: "Nilikuona. Soksi zako zilikuwa nyeupe. Nikamwambia mwenye duka, yule ni wangu, angalia soksi zake."

Ulinitaja, mama. Ulikuwa huna hata pa kulala, na ulinitaja kwa mtu. Nami niliyekuwa na kila kitu nikakuficha, na nikaendelea kukuficha hata kazini, ambako hadi siku ile walidhani mama yangu ni mkulima wa kijijini. Nikaandika.

Kivuko kilijaa watu wa Igogo. Wenzako wote sita walivuka, hata yule babu anayeogopa maji, macho ameyafumba mpaka ng'ambo. Kaburini ilikuwa zamu ya mjomba kusoma wasifu, kama mkubwa wa ukoo. Nikampa karatasi. Nilijua angeweza kuruka mstari ule na hakuna ambaye angemuuliza. Alisoma kuzaliwa kwako, shule yako, ubatizo. Alipofika pale akaishusha karatasi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Kwa miaka tisa marehemu hakuwa na nyumba. Miaka mitano ya mwisho aliishi kwake, Igogo, Mwanza."

Kisha akarudia. "Aliishi kwake, Igogo." Kwa sauti ya juu zaidi, kama vile watu wa nyuma hawakusikia. Watu wa nyuma walikuwa wa Igogo wenyewe, wakaitika.

Sasa habari za leo. Chumba chako amepewa mwanamke anayeitwa Nyangeta, alikuwa analala stendi. Bi Perpetua aliniuliza kwanza, nikasema kisikae tupu hata siku moja. Hajakitumia kitanda bado. Wenzako wote wameandikwa kwenye kikundi cha mtaa, bila mjadala. Na kuna nyumba ya pili inataka kufunguliwa, ya watu wanane. Hutaamini ni wapi. Igoma, mtaa wa mjomba, nyuma ya karakana yake. Majirani wameshaanza kusema wanaletewa machizi, kuna mkutano wa mtaa Jumapili. Mjomba alinipigia jana. "Nitakaa na wewe mbele," akasema. "Ila kuongea utaongea wewe, mimi nitagombana."

Nimekubali. Wafanyakazi wenzangu wawili wanakaa Igoma, watakuwepo.

Lala salama, mama. Nakuahidi hili, na ni ahadi ya mtu mzima. Jumapili sitaanza na elimu yangu wala na mambo ya dawa. Nitasimama mbele ya mtaa wote, niwaambie mama yangu alikuwa anaitwa Minza, alilala nje miaka tisa, na nyinyi mnaokaa hapa mngekuwa na bahati kumpata awe jirani yenu.

Wako,
Kabula