Neno la ku Ukuta Wetu

Lubumbashi

Mama Neema, muke wangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, hata kama ule wa kuume uko na rangi ya bluu mpaka ku kiwiko. Uko aje? Neema iko aje? Kile kikohozi chake kimeisha? Na mama yangu, magoti yanamuacha alale? Mimi niko muzima, Mungu asifiwe. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia, ni bukari ya huku tu, ugali mukavu, haina sombe yako ya majani ya muhogo.

Siku ile ulipanda kilima kutafuta reso ya simu, nilisikia maneno haya tu: "Baba Neema, Noeli inafika, nipake ukuta ao nisipake?" Halafu simu ikakatika. Tangu pale napiga, napiga, na yule dada wa mu simu ananijibu kwa heshima kwamba haupatikani. Njo maana nimeandika. Barua hii analeta Papa Pasta wetu wa huku. Kesho anapanda ndege mpaka Kisangani, kisha atashuka na moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Walikale kuona dada yake, na ameniahidi kuifikisha Ntoto.

Mama Neema, ulichokuwa unaniuliza nakijua. Kila Noeli wamama wa Ntoto wanachimbaka udongo mweupe kule mutoni na kupaka nyumba zao, na mbele ya nyumba yetu wewe umekatala kupaka, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, juu ya kulinda neno langu niliandika pale. Nyumba za majirani zinang'aa, yetu inabaki kama ya matanga. Na mujomba wako, ulinisimulia ku simu ya mbele, ametoka Masisi kukuambia: funika, funga mizigo, rudi kwenu, bwana aliyeenda Lubumbashi iko na jiko lingine kule. Nimeelewa. Ukifunika neno lile, ni kusema umechoka kuningoja: unarudi Masisi kwa baba yako, na Neema unamubeba.

Aka, mujomba! Mumuambie jiko langu ni la makaa, na naliwashaka mwenyewe, na moshi inaniliza kila jioni.

Unakumbuka ile asubuhi? Kazi ya kuandika vibao ilikuwa imekufa. Wenye maduka wa Kitshanga, kule nilitafutaka kazi, walikuwa wamekimbia, na ni nani angenilipa kuandika MAZIWA ku duka lisilo na mulango? Mufuko ulikuwa umefungwa tayari. Ulikuwa umesimama ku mulango na Neema mugongoni. Nikachukua makaa na mabaki ya rangi nyeusi, nikaandika NAKUYA, juu mujue narudi kwenu. N nikaiweka mbali kabisa, ku kona ya ukuta, pale njia inatokea upande wa muto, ndogo kama kidole. A kubwa kidogo. K, U, Y, kila moja inazidi mwenzake, mpaka A ya mwisho, pembeni ya mulango, ndefu kunishinda mimi. Ni vile muntu anaonekanaka akitoka mbali: kwanza kadoti, halafu kichwa, halafu unamujua ku mwendo wake. Ulicheka, ukalia, ukaniambia, "Wewe na maneno yako yenye kujionyesha!" Kicheko kile njo kimenilisha huku.

Halafu ulinisimulia kwamba Neema, tangu amejua kutembea, anaenda ku ukuta kila asubuhi na kuuliza, "Mama, Papa amefika wapi?" na wewe unamuonyesha herufi. Mwaka wa kwanza ulikuwa unamuambia niko ku A ya kwanza. Noeli iliyopita ulisema ku U. Siku nilisikia ile, sikushika burashi mpaka jioni. Mutoto wangu anafikiri natembea mu ukuta, kumbe mimi nimekaa tu.

Kazi ya huku, siwezi kulalamika. Patro wangu, tajiri mwenye kunipa kazi, Papa Ilunga, iko na atelie, karakana ya vibao, na watu wanakuya kutafuta "yule wa Kivu". Niliandika BARAFU ku duka la vinywaji, herufi zinayeyuka na kudondoka, na watoto wanaweka midomo chini yake. Niliandika MOTO ku nyumba ya nyama choma, bibi mumoja akapita mbali juu ya kuogopa. Wanacheka Kiswahili changu, mimi nacheka chao, tunaelewana. Mwezi uliopita patro aliniletea kontra: niwe mukubwa wa atelie, miaka mitatu, na nyumba ya kulala juu. Karatasi iko hapa chini ya godoro. Kila siku nasema nitasaini kesho. Naomba unielewe, Mama Neema, nilitamani. Niliona Neema na viatu, nikaona mabati ku nyumba yetu.

Sasa sikia kilichotokea wiki hii. Mwenye ajansi moja ya bisi, yale mabasi ya abiria, alikuya na ukuta murefu wa ofisi yake. Alitaka SAFARI, S kubwa ku mulango, halafu herufi zipungue, zipungue, mpaka I iishe mbali kama bisi yenye kuingia mu vumbi. Kazi ya nusu siku. Niliandika bila kufikiri, nikashuka ku ngazi, nikarudi nyuma kuangalia. Eh! S ilikuwa kadogo, na I ilikuwa imesimama karibu kugusa bati.

Mwenye bisi akapiga makelele: "We fundi! Bantu beko banaenda! Juu ya nini wee unabarudisha?"

Nikamuomba musamaha, nikafuta yote. Mara ya pili nikachora kwanza na chaki, S kubwa, A ndogo kuliko yake, F ndogo tena, kila kitu sawa. Nikaanza kupaka. Kumbe kufika ku F, mukono wangu ukaacha mistari ya chaki, ukaanza kukuza tena. A ikapanda, R ikapanda, I ikawa mlima. Ungeona! Bisi imetoka ku mulango, imefika ku F, imegeuka, inarudi mbio. Watu wakajaa barabarani kucheka. Papa Ilunga alishika kiuno akicheka. Mama mumoja mwenye mizigo kichwani akasema, "Miye nitapanda hii. Miye nataka yenye kurudisha bantu."

Mimi sikucheka. Nilikaa chini ku ngazi, burashi mukononi, nikalia mbele ya watu wote, muntu muzima na ndevu zake. Maana niliona mukono wangu umechoka kunidanganya. Mukono wangu unajua njia moja tu, na mwisho wa njia ile ni mulango wako.

Papa Ilunga akaniuliza polepole, "Ile kontra umeshasaini?"

"Bado, patro."

"Basi usisaini. Utaniharibia vibao vyote vya muji."

Mwenye bisi alikatala kunilipa, lakini kuona vile watu wanapiga foto ukuta wake, hakufuta. Nikamuambia, usinilipe, nipatie kiti mu bisi yako. Amenipatia. Natoka juma lijalo: bisi mpaka Kalemie, mashua mpaka Uvira, kutoka pale moto, na pale moto inashindwa, miguu. Najua barabara si nzuri na silaha ziko nyingi. Nikikuta njia imefungwa, nitakaa ifunguliwe. Kurudi nyuma sirudi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: paka. Chimba udongo, muite dada yako akusaidie, nyumba yetu ing'ae Noeli hii. Anza ku N, kule ku kona. Neema akuulize, mufunike herufi pamoja naye, na kila moja umuambie, "Hapa Papa amekwisha kupita." Lakini A ya mwisho, ile ndefu ya ku mulango, musiiguse. Ile nitaifunika mimi mwenyewe na mikono yangu, wanaume wa Ntoto wacheke mpaka wachoke.

Nisalimie mama yangu na magoti yake. Nisalimie dada yako na bwana wake mwindaji, aniwekee kipande cha nyama. Nisalimie Papa katekista aliyekusomea barua zangu zote bila kuchoka, na leo pia anaisoma, aksanti Papa, sasa geuka kidogo umuache alie. Na mujomba wa Masisi, nisalimie hata yeye. Muambie akae, anione nikifika.

Neema mubusu. Muambie siku anasikia barua hii, asinitafute tena ku U.

Mimi bwana wako, Baba Neema,
niko ku Y.