Mama Wacu Mbele ya Jaji

Buffalo, 14 Machi 2015. Asubuhi ya theluji nyepesi na upepo wa ziwani.

Kaka Zéphyrin,

Tumeshinda! Jana jaji aliniuliza kwa nini kule kwenye kambi ya wakimbizi niliandikisha Nadine kama mwanangu, ilhali alizaliwa na marehemu dada yetu. Nikamweleza kwamba katika Kinyarwanda chetu mdogo wa mama huitwa mama wacu, yaani mama yetu, na ndivyo nilivyomlea.

Akamgeukia Nadine. “Wewe unasemaje?”

“Huyu hunigombeza kila asubuhi. Kama si mama, ni nani?”

Jaji akacheka, akatia saini hati ya malezi. Nadine anabaki kwangu! Waambie na ndugu zetu wa Louisville.

Jana nililala saa mbili usiku, na sikushtuka usingizini hata mara moja, kama nilivyokuwa nikishtuka kila usiku tangu kesi ianze.

Dada yako,
Joselyne