Mapigo ya Kitanda Kitupu

Jumanne, 4 Machi

Leo wodi ya upasuaji wamecheka mpaka basi. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani karuhusiwa, kaenda zake nyumbani, shuka limeshabadilishwa — na skrini ya mezani kwa wauguzi bado inasema moyo wake unadunda. Themanini na mbili. Kitanda kitupu kina mapigo! Mhudumu mmoja kasema huenda godoro ndilo lililopata nafuu.

Nilicheka kidogo. Halafu nikawaza. Kama skrini inaweza kumhesabia mapigo mtu ambaye hayupo, basi inaweza kumhesabia na mtu ambaye —

Sista mkuu hakucheka kabisa. Kanivuta pembeni, kaniuliza hii imetokea mara ngapi bila wao kujua. Watu wa kompyuta hospitali nzima ni mimi na bosi wangu tu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuangalia.

Bosi (tunamwita Bwana Baadaye, mwenyewe hajui) kasema nizime niwashe. Nikazima, nikawasha. Kitanda cha dirishani kikanyamaza. "Umeona?" Nimeona nini sasa?

Na Jumatatu wifi yangu anapasuliwa kuondolewa uvimbe. Atalazwa wodi ile ile.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima na ile programu. Nimesahau kula. Lakini sasa naielewa.

Kuna programu moja kubwa, mama. Inazaa vijiprogramu, kila kitanda na chake. Kazi ya kila mtoto ni kusoma mashine ya kitanda chake na kumletea mama namba. Mtoto akifa, kiini cha mfumo — ile programu iliyo chini ya zote, ambayo zote huiomba ruhusa — humtumia mama ishara: mwanao kafa. Hakikosi. Hakisahau.

Ila mama yetu kaambiwa apuuze! Mstari mmoja, juu kabisa: ishara ya kifo cha mtoto, puuza. Basi mtoto anakufa, mama hana habari, anaendelea kuonyesha namba ya mwisho aliyoletewa. Kwa moyo mweupe kabisa.

Nikaangalia nani kauandika mstari huo. Bwana Baadaye mwenyewe, kabla hajawa bosi. Haya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwendea ofisini. Nilidhani atakuwa mkali, wala. Kanieleza taratibu, na haki yake nampa: hakuuandika kijinga. Zamani watoto walikuwa wanakufa, mama hapokei taarifa, na majina ya wafu yanabaki yamerundikana kwenye mfumo mpaka seva, ile kompyuta kuu, inakwama. Ukisema puuza, kiini kinawafagia chenyewe.

"Sawa bosi, lakini mama hajui nani kafa."

"Najua. Tutalirekebisha baadaye."

Ndiyo hiyo sasa!

Jumatatu kuna wageni. Wanakuja kuuona mfumo, wakiridhika unawekwa wodi zote. Amri: nisiguse kitu mpaka waondoke. Nikamwambia Jumatatu hiyo hiyo mtu wangu atakuwa kitandani. Kanipa pole. Kaniambia ana madaktari wazuri.

Jioni wifi kapita nyumbani na begi lake la hospitali, kakaa jikoni kunichokoza. Eti kaka yake kaoa mke wa kompyuta, sasa hata akiumwa ataangaliwa bure. "Wifi, ukiniona moyo umesimama, unibonyeze tu niwake."

Nikacheka. Sahani nikaiosha mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Amri ni ya seva. Kompyuta ya mezani kwangu hakuna aliyeitaja.

Nimeufuta ule mstari. Mahali pake nimeweka wito wa kukiuliza kiini: kuna mtoto aliyekufa? Una namna mbili za kuuliza. Ya kwanza, mama anakaa anasubiri, hafanyi kingine. Ya pili: niangalizie, lakini usinikalishe. Nikachukua ya pili. Nikawaua watoto mmoja mmoja kwa makusudi — mama akajua papo hapo, akazaa wengine. Niliruka kwenye kiti! Fundi wa umeme aliyekuwa anabadilisha taa kaniuliza kama nimepigwa shoti.

Furaha haikufika jioni. Nikachukua mashine mbovu ya stoo, nikaiunganisha, ikaganda katikati ya kusomwa. Mtoto wake naye akaganda. Hajafa. Nikamtumia ishara ya kumwomba aondoke — kimya. Nikamtumia ile ya tisa, ambayo hakuna programu inayoweza kuikataa — kimya! Kalala ndani kabisa ya kiini, anasubiri jibu la mashine, na usingizi ule kiini chenyewe hakiruhusu ukatizwe. Hajafa, kwa hiyo hakuna ishara ya kifo. Hayupo, kwa hiyo hakuna namba mpya.

Na skrini? Sabini na sita. Sabini na sita. Sabini na sita.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kukaa. Nimefua nguo ambazo si chafu. Nimetoka dukani bila nilichofuata.

Nilikuwa nauliza swali silo! Siyo "mtoto yu hai?" Ni "mara ya mwisho kasema lini?" Kiini kina saa. Unakiomba kimwamshe mama kila baada ya kitambo kidogo, mama awapitie wote. Aliyekaa kimya mno, kisanduku chake kwenye skrini kinakuwa cheusi na king'ora kinalia. Afufuke, asifufuke, hilo la pili. Kwanza acha uongo.

Inafanya kazi. Nimejaribu kila njia ya kuiangusha.

Nikampigia Bwana Baadaye. "Skrini nyeusi mbele ya wageni? Unataka kuniua?" Kakata simu.

Mume wangu kaniuliza: angekuwa si dada yangu, ungefanya nini? Nikamkasirikia, nikaenda kusimama uani. Nimesimama hadi miguu ikachoka. Ningefanya hivyo hivyo, ndilo jibu. Lakini bosi ningemwogopa kidogo zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mchana nimemfuata Sista mkuu wodini, nikamweleza bila kuzunguka. Kasikiliza huku anakunja mashuka.

"Mwanangu, skrini ikiwa nyeusi, nainuka naenda kuangalia. Ikinidanganya, nakaa."

Nikashuka chumba cha mitambo. Nimeiweka programu mpya kwenye seva.

Jumatatu, 10 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji.

Asubuhi kila kitu shwari. Wifi katoka salama, daktari kasema uvimbe umetoka wote. Wakamlaza chumba cha pembeni, mlango ukarudishwa apumzike. Mume wangu kapiga simu kwa mama yake, kalia kidogo. Wageni wakafika na suti zao, Bwana Baadaye anawatembeza, anatabasamu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Visanduku vyote vya kijani. Cha wifi: sabini na nane. Sabini na nane.

Kikawa cheusi. King'ora.

Mgeni mmoja kauliza kama ni jaribio. Bwana Baadaye kanigeukia — uso ule! — akasema ni hitilafu ndogo, waya tu. Sista mkuu hakumsikiliza yeyote. Kasukuma kiti, kakimbia. Kufika, kumbe mashine ya kitandani imeganda, inaonyesha sabini na nane vile vile. Kafunua shuka. Damu. Imeloa mpaka godoro, na wifi mweupe midomo, anasema anasikia baridi.

Wamempitisha mbele yangu mbio. Hakuniona.

Sasa ni kusubiri. Mama mkwe yuko njiani. Mume wangu anatembea, anarudi, anatembea.

Simu imeingia. Ujumbe wa Bwana Baadaye: wageni wameshtuka, anarudisha toleo la zamani sasa hivi, nikaeleze baadaye nani kaniruhusu. Nikampigia. Hapokei. Nikampigia Sista mkuu: kasema wagonjwa wengine wanne wametoka kupasuliwa leo, wako vitandani, na asithubutu mtu kugusa. Lakini yeye hawezi kutoka wodini. Na ngazi za chumba cha mitambo ziko upande ule mwingine wa jengo.

Na wifi yuko nyuma ya mlango huu.

Mume wangu kauona ujumbe begani kwangu. Kasoma hadi mwisho. Hakusema dada yangu, hakusema subiri kwanza daktari atoke. Kasema, "Mke wangu, nipo hapa. Kimbia."

Nimesimama. Naenda kumzuia.