Jina la Fermín Limefunikwa

Chayo, uliona walivyomfanyia Otilia ukageuza uso, kama ulivyogeuza askari walipotuvunjia soko letu.

Otilia amechora picha kwenye vipande vya bati kumshukuru Bikira kwa kumwondolea Fermín, mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Rangi zinawaka! Chini ya kila kimoja ameandika jina la mwanamume huyo na alichomtenda, kama desturi yetu inavyotaka.

Leo kaingia ukumbi wa maonyesho zilikotundikwa, kakuta jina hilo limebandikwa karatasi kwenye kila picha.

“Fermín kasimamia ubatizo wa mwanangu, dada,” mwenye ukumbi kamwambia. “Uchungu wako unaonekana hata bila jina.”

Ubatizo! Kamkimbia Otilia na mimba yake, halafu asitiriwe aibu yeye?

“Bikira nimshukuru kwa kuniondolea nani, basi?” Otilia akauliza. Mwenye ukumbi na wenzake wakacheka. Wakacheka, Chayo!

Amekaa sakafuni, hatoki. Wageni wa maonyesho wanaingia jioni hii. Inuka, njoo tubandue karatasi hizo mbele yao.