Ufunguo Mwekundu wa Mashine ya Mzee

Jumapili, 9 Juni. Asubuhi ya mawingu mepesi, hakuna upepo. Manyunyu yalianza saa moja na robo, yakakatika kabla sijawahi kuanua nguo.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, na mgongo wako uwe umetulia baada ya ile safari ya siku mbili. Wifi naye vipi, kile kikohozi kimemwachia? Na wanangu, hasa yule wa mwisho, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kwa mapengo? Sisi huku tu wazima. Mzee amekaa mezani hapa mbele yangu anamenya chungwa kwa mkono wake wa kulia. Hilo chungwa usilipite haraka, nitalirudia.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati namba yako ninayo. Unakumbuka Mzee alivyotulea: jambo dogo lisemwe, jambo zito liandikwe, mtu asije akalikana. Bila shaka alikuwa anaitetea kazi yake. Mgawa barua angesema nini kingine? Lakini leo namtii. Wewe umesema Jumamosi tarehe 15 unakuja na gari la mizigo, mashine ya kukimbilia iondoke hapa nyumbani, na Mzee aende kuishi kwako, wifi awe anamwangalia kutwa. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaliwasha hilo gari.

Shajara yangu iko wazi hapa, kwa hiyo tarehe zangu usizitilie shaka. Mashine ilifika Jumamosi tarehe 2 Machi, saa nane mchana, jua kali. Uliinunua kwa sababu daktari alisema sukari ya Mzee inataka atembee nusu saa kila siku, na barabara yetu haina tena pa kuweka mguu tangu malori ya kokoto yaanze kupita. Mzee aliizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Akasema ametembea miaka thelathini na mmoja, na kila hatua ilimfikisha mlangoni kwa mtu, sasa hii itamfikisha wapi, kwenye pazia?

Kabla wiki haijaisha, mashine ilikuwa yake. Kila ilipogonga saa mbili kamili asubuhi, kama lile jina walilompa mtaani, Saa Mbili wetu alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kazi na shati la buluu, amepanda. Aliikokotoa njia yake ya zamani kwa dakika: dakika kumi ni geti la fundi cherehani, kumi na nane ni nyumba ya mkunga, nusu saa ni shuleni. Nikiwa jikoni nilikuwa namsikia akiwasalimia watu wa njiani mmoja mmoja, hata mkunga, ambaye wewe na mimi tulikwenda kumzika.

Ya Jumanne tarehe 23 Aprili unayajua nusu. Jirani yetu seremala alipita dirishani akaita Saa Mbili kwa sauti yake ile ya msumeno. Mzee hajawahi kuitwa akanyamaza. Aligeuka mwili mzima, na mkanda wa mashine haukumngoja. Nilisikia kishindo kama cha gunia, kisha nikasikia mashine ikiendelea kunguruma, na hicho ndicho kilichonitisha. Nilimkuta amebanwa kati ya mashine na kabati la vyombo la marehemu Mama, mkanda unamkwangua mkono. Nilichomoa waya wa ekstensheni ukutani kwa nguvu hadi soketi ikacheza. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika, na ngozi ilikuwa imetoka kuanzia hapo hadi kwenye kiwiko.

Nilipokupigia, uliniuliza swali moja tu: je, alikuwa ameubana ule ufunguo mwekundu wa usalama kwenye nguo yake? Nami nikakujibu kwamba Mzee unamjua. Basi. Mengine uliyajaza mwenyewe. Jioni ulimpigia yeye, na sauti yako niliisikia kutoka upande wa pili wa meza. Ulimwambia ni mkaidi, amepewa kitu cha kumlinda akakidharau, na kwamba yule mtoto wako asiye na meno ana akili kumzidi. Mzee alisema amekosea, baba, amekosea. Kisha akanirudishia simu, akaomba maji.

Tangu siku ile hakutembea. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha mlangoni mkono umo kwenye plasta, na saa yake ya mkononi akaiweka kwenye droo. Kliniki walipompima mara mbili, mara zote sukari ilikuwa imepanda. Seremala akija kumjulia hali alikuwa anamtania kwamba Saa Mbili sasa hana hata saa moja, na Mzee hakumrudishia utani. Wewe unajua hilo lina maana gani.

Alhamisi hii iliyopita, tarehe 6, plasta ilikatwa. Mtaalamu wa viungo ni binti mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini hacheki ovyo. Aliniuliza nyuma ya mashine kuna nini. Nikamwambia kabati. Akauliza umbali gani. Nikamwambia kwa fahari kwamba nilipima kabla, mashine iliingia pale kama droo. Akauliza umeme unatoka wapi, nikasema kwenye ekstensheni, pamoja na redio na pasi. Akauliza kama nilisoma kitabu cha maelekezo. Nikajibu kimehifadhiwa vizuri. Akasema hakuuliza hilo.

Kaka, ni kweli kilihifadhiwa vizuri. Nilikitoboa, nikakiweka kwenye faili, nikaandika jina la faili kwa mwandiko wangu mzuri, nikalipanga kwenye rafu kati ya vyeti na risiti. Karani wenu huyo. Kukisoma sikukisoma.

Yule binti alituambia kitu kimoja ambacho nimekiandika kwa herufi kubwa: mashine haikumshinda Mzee, chumba ndicho kilichomshinda, na akiacha kutembea, sukari itamwangusha mahali ambapo sitakuwepo kuchomoa waya. Atembee, alisema, ila kwanza nitengeneze chumba.

Basi nimekitengeneza. Alhamisi jioni nilisoma kile kitabu kurasa zote thelathini na mbili, rula mkononi. Ijumaa nilimwita seremala, naye alikuja mbio maana dhamiri inamsuta kwa ule wito wake, tukalihamishia kabati la Mama chumbani kwangu. Nilidhani Mzee atagoma. Alisema Mama mwenyewe alikuwa analihamisha kila mwisho wa mwezi, mimi binti yake tu ndiye niliyelifanya kaburi. Sasa nyuma ya mashine kuna mita mbili tupu, nimezizungushia utepe sakafuni, na hata kigoda hakikanyagi humo. Waya unaingia moja kwa moja ukutani, kwenye soketi mpya, na ekstensheni imebaki na pasi yake. Pazia la dirisha linafungwa kabla hajapanda. Seremala nimemwonya kwamba akimwita mtu saa mbili asubuhi nitampiga randa yeye.

Mzee naye amejifunza upya kama mwanafunzi. Anasimama kwanza kwenye kingo mbili za pembeni, wala si juu ya mkanda. Anabana ufunguo kwenye shati. Anawasha kwa mwendo wa chini kabisa, anashika mikono ya mashine, ndipo anashusha mguu. Akiitwa, hageuki, anayemwita angoje. Wala hashuki mpaka mkanda usimame kabisa. Akimaliza, ufunguo unatoka kwenye mashine na kuja kutundikwa kwenye msumari chumbani kwangu, juu, maana wanangu wakija likizo nawajua vidole vyao.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikamate kalamu.

Pale masjala, kwenye kaunta yangu, watu wanakuja kujaza fomu na wanaondoka na kalamu. Ndiyo maana kila kalamu nimeifunga kwa uzi mweusi kwenye msumari. Miaka kumi na moja haijapotea hata moja. Wenzangu wananicheka, kisha wanakuja kuazima. Mashine ilipofika, nikaona ule ufunguo mwekundu umekaa pale mbele kwa sumaku tu, ukiguswa unadondoka. Nikaona kitu kitakachopotea. Jumapili tarehe 3 Machi nilileta uzi ule ule wa ofisini, nikaufunga ufunguo kwenye mashine kwa mafundo matatu. Nilijisifu mbele ya Mzee kwamba sasa hautoki hata nyumba ikitikisika.

Kaka, ufunguo ule umetengenezwa utoke. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Mtu akianguka, kamba iliyobanwa kwenye nguo yake inauvuta, ufunguo unatoka, mashine inazima papo hapo. Mimi niliufunga usitoke.

Na Mzee alikuwa ameubana. Aliubana kila siku, kwa sababu ni mtu wa sare, akiambiwa kitu ni cha kuvaliwa anakivaa. Siku ile alipoanguka kamba ilivuta, mafundo yangu yakashikilia, shati ndilo likakubali. Mfuko wa kifuani ulichanika hadi chini. Nililiona lile shati tulipotoka hospitali, na nilielewa yote nikiwa nimesimama nalo mkononi. Ulipompigia Mzee jioni ile kumkaripia, nilikuwa nimeshaushona mfuko. Nilitumia uzi mweusi kwenye shati la buluu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Shajara yangu ya siku ile ina maneno matatu: Mzee ameanguka. Mawingu.

Hakudharau kitu, Kaka. Ukaidi uliomsomea haukuwa wake. Kwa siku arobaini na sita nilimwacha aubebe.

Jana asubuhi nilimweleza, shati liko magotini pangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jambo isipokuwa lile alilosema. Alisema anajua. Ule uzi alikuwa anauona kila siku, na mafundo aliyatambua mara moja, maana ndiye aliyetufundisha mimi na wewe kufunga mafurushi ya barua kwa fundo lile, na alikuwa ameona raha kwamba bado nalikumbuka. Maana ya uzi aliielewa alipokuwa chini, mfuko umechanika na ufunguo bado umekaa pale juu unamtazama. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kukaripiwa na wewe. Akasema yeye ameshabwekewa na mbwa wa mitaa mizima kwa miaka thelathini na mmoja, kubwekewa na mwanawe kwa dakika tano si kitu cha kumvunja mtu. Na mimi, akasema, aliniona nikilifua lile shati kila wiki wakati halijavaliwa, akajua kuna mtu ananikaripia tayari. Nilipomwomba anisaidie kukueleza wewe, alikataa. Alisema hii ni barua yangu, niipeleke mwenyewe, yeye ameshastaafu.

Kwa hiyo naileta. Uzi nimeukata. Leo saa mbili kasorobo nilipanda mimi kwanza, mwendo wa chini, nikasimama kingoni nikavuta kamba. Mashine ilizima kabla sijahesabu mbili. Nilirudia mara tatu, nikaandika. Nitafanya hivyo kila asubuhi kabla yake, mvua au jua. Saa mbili kamili Mzee alitoa saa yake kwenye droo, akavaa shati lile la mshono mweusi, akajibana mwenyewe, akatembea dakika kumi mimi nikiwa pembeni. Amefika getini kwa fundi cherehani. Alishuka anatoka jasho, akaagiza chungwa, akalimenya mwenyewe kwa mkono ambao Alhamisi ulikuwa haushiki kijiko.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba Jumamosi uje, ila uje bila gari la mizigo. Uwe hapa saa mbili kasorobo. Uvute ile kamba kwa mkono wako. Umwone Mzee akitembea. Baada ya hapo, kama bado unataka aende kwako, muulize yeye, na jibu lake nitalikubali hata kama litanibakiza peke yangu na kabati. Lakini mashine haitaondoka, wala Mzee hatahamishwa, kwa uongo wangu. Nimeshaliamua hilo. Kama una la kufoka, nifokee mimi, masikio ninayo. Na Mzee una deni la maneno kwake. Hayo usimpe kwa simu, mpe kwa mdomo, umekaa karibu naye.

Msalimie sana wifi, mwambie ile dawa ya kifua anywe mpaka iishe, asiache katikati. Wabusu wanangu, na yule wa mapengo mwambie shangazi anamsubiri. Mzee anakusalimu. Anasema pia kwamba anwani kwenye kifurushi chako cha mwisho iliandikwa kama miguu ya kuku, na kwamba kwa Jumamosi amepanga kufika angalau kwa mkunga.

Mdogo wako anayekupenda,

Karani

Jumatatu, 10 Juni. Anga safi, ubaridi kidogo. Naongeza haya kabla sijafunga bahasha niipitishe posta nikienda kazini. Nimeufungua ukurasa wa tarehe 23 Aprili, na chini ya yale maneno matatu nimeandika yote, tangu uzi hadi shati. Mzee ameshaanza kutafuta viatu. Jana nililala saa tatu na dakika ishirini, mara ya kwanza tangu tarehe ile usingizi kunijia mapema.