Gia Niliyoionea Huruma

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Ukonga, marahaba. Bibi yako goti linamsumbua; mdomo mzima kabisa.

Unauliza kwa nini waliwashusha kwenye ndege ili wabadilishe kipuri ambacho hakijaharibika. Hata mie niliulizaga hivyo, nilipokuwa mtunza stoo wa karakana ya ndege. Ilikuja amri kutoka kiwandani: gia za injini za toleo fulani zinapasuka, zote zitolewe, zipondwe kwa nyundo. Moja ilimeta kama sahani ya harusi. Nikaificha, ikapambe kabati nyumbani.

Fundi mkuu, Mzee Abbas, akahesabu, akanitazama. “Lete, bwana mdogo.”

Nikaitoa. “Mzee, hii nzima! Nimeitafutia ufa mpaka macho yanauma.”

“Zilizotoka nayo kiwandani zimepasuka. Hii mie sijui. Wewe unajua?”

Nikaiweka mbele yake.

“Basi tukiiacha, siku moja mtu ataiona nzuri kama ulivyoiona wewe, ataiuza, irudi kwenye injini.” Akanipa nyundo.

Nikaiponda, roho inaniuma. Mpaka leo nawaza kama ilikuwa na ufa. Sijui, na hakuna abiria aliyelazimika kunijulisha kwa ajali.

Babu yako